Mshika Plau

Mwaka 1946 niliteremka melini London, nikaapa sirudi tena baharini, nikapata kazi kwenye tramu. Barua yangu ya kwanza nyumbani Mombasa ilisema kazi yangu ni kushika plau. Baba akajibu kwa mkono wa jirani: "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukalime?"

Sikulima kitu. Katikati ya London tramu hazikuwa na waya wa juu. Umeme ulipita chini ya barabara, ndani ya mfereji ulioacha ufa mwembamba kati ya reli mbili. Kifaa cha kuuchota ndicho plau: kimening'inia chini ya tramu, kimepenya ufani, kinagusa vyuma vya umeme. Pembeni mwa mji mfereji ulikoma, waya ukaanza. Hapo ndipo nilipokuwa nasimama na uma mrefu wa meno mawili, mvua inanyesha, jua linawaka. Ikija tramu ya kwenda mjini, kondakta anashusha mlingoti wa waya, mimi naielekeza plau kwa uma mpaka iingie chini ya gari huku linatambaa. Nikikosea, gari limekwama, foleni nyuma, na macho ya abiria wote kwangu.

Nikamweleza baba. Yeye ujanani alisukuma toroli za Mombasa, vigari vya abiria vilivyokwenda relini kwa nguvu za watu, mpaka motokaa zikavimaliza. Jibu lake lilikuwa fupi: "Kumbe na huko zinasukumwa."

Wazee wa kazini walikumbuka mwaka 1903, mrithi wa ufalme alipofungua njia ya umeme ya Westminster Bridge hadi Tooting. Miaka mitatu baadaye tramu zikapita hata chini ya ardhi, Kingsway. Lakini reli zilikuwa katikati ya barabara, na motokaa zilivyozidi ndivyo abiria alivyozidi kujihatarisha akikatiza kwenda kupanda. Mwaka 1931 tume ya serikali ikashauri tramu ziondolewe. Mabasi ya umeme yakazinyang'anya njia nyingi kuanzia 1935. Vita vikaziongezea siku, na Oktoba 1950 ikaanza awamu ya mwisho ya kuziondoa.

Usiku wa tarehe 5 Julai 1952 watu walijaa barabarani, wakapanga peni juu ya reli ili zisagwe na tramu. Ya mwisho iliingia karakana ya New Cross tarehe 6, mji ukiwa bado macho. Uma wangu niliuegemeza ukutani, hakuna aliyeuulizia. Baadaye nilikwenda Charlton nikaona magari yale yanachomwa moto, rangi inatoka malengelenge kama ngozi.

Nikahamishiwa kufagia mabasi. Peni moja iliyosagwa nilimpelekea baba ndani ya bahasha. Jirani akaniandikia: Mzee anauliza, hii bado inanunua kitu?