Lori la Mtoto wa Chuoni

Ndugu zangu Waislamu, wazazi na vijana, habari nitakayoieleza ilinipata mimi mwenyewe katika chuo chetu hapa Kasulu, wala si habari ya kujisifia.

Nyote mnaoishi nyanda hizi, tangu Kasulu hata Kibondo, mnayajua malori ya chakula cha wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo, na mwaka 2015, walipoingia tena Warundi kwa wingi, malori yakazidi, yakawa yapita hata Nduta, upande wa Kibondo. Watoto wetu wamekua wakiyatazama. Kwa hiyo mtoto wa huku akitaka kuunda kitu, aghalabu huunda lori.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Juzuu Amma alikuwa na lori ambalo sijaona mfano wake. Kila kiungo kilitoka mahali mbali na mwenzake. Kichwa alikikata katika kopo la mafuta ya kula, yale ya msaada yenye maandishi ya USA, akayageuza maandishi ndani ili nje king'ae kitupu. Bodi ilikuwa vibao vya kasha la nyanya, ekseli ni spoki za baiskeli, taa ni vizibo vya soda. Springi alizifanya kwa utepe wa chuma wa kufungia mizigo, vipande vitatu, kirefu juu na vifupi chini yake, kama zilivyo za malori yenyewe. Nami, mtu mzima, sikuwa nimepata kuinama kutazama jambo hilo. Magurudumu kumi aliyakata katika ndala kuukuu, kila moja duara mbili zilizogandishwa.

Magurudumu hayo yalikuwa ya buluu. Nasi msikitini tulikuwa na ndala za buluu za wakfu, za kutawadhia, na jozi mbili zilikuwa zimepotea.

Siku hiyo baada ya Alasiri nikaliona lori mlangoni, nikahukumu palepale. Nikamwita mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa amekata mali ya wakfu. Akafumbua kinywa, nikamnyamazisha. Nikalitwaa lori, nikalitupa kabatini, na ekseli ya mbele ikapinda. Hakulia. Siku tatu hakuja chuoni.

Siku ya nne, aliyekuwa akifagia uani alizikuta ndala zote nyuma ya tangi la maji, zimezama matopeni, hazikukatwa hata kidogo. Nikaenda kwao. Mama yake akaniambia kwa upole kuwa zile za magurudumu zilikuwa ndala zake yeye na za dada zake, na kwamba mtoto alikuwa akizingojea zikatike kamba tangu Ramadhani.

Usiku ule sikupata usingizi. Imamu Abu Dawud ameipokea habari ya Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amwie radhi): upepo ulifunua pazia, wakaonekana wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Mtume (S.A.W.) akamwuliza ni kitu gani hicho, naye akamjibu kwa farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Nimeisomesha habari hiyo miaka mingi, nikikazia mabawa na kicheko. Lile la kuuliza kwanza nalikuwa nikilipita tu.

Kesho yake nikamwomba radhi mbele ya darasa lile lile, kwa kuwa nilimdhulumu hadharani. Mzee mwenzangu mmoja alinilaumu, akisema kwamba mwalimu hamwombi radhi mtoto. Sikubishana naye.

Kisha nikamletea spoki tatu kutoka baiskeli yangu mbovu. Mbili alizikataa kwa kutu. Ya tatu akaikata kwa koleo, akanifundisha kuwa hubana ndani ya gurudumu lakini huzunguka kwa nafasi katika tundu la bodi. Zikibana pote mbili lori haliendi. Mimi ndimi niliyelishika lori wakati anaipenyeza.

Juzi amekuja kuniuliza kama ule mwavuli uliovunjika, uliosahauliwa msikitini tangu masika, una mwenyewe, kwani kitambaa chake chafaa kuwa turubai. Nimemwambia angoje mpaka Ijumaa, niulize baada ya Sala.