Mji Huagwa kwa Kurejesha Haki za Watu Wake

 

Ndugu msomaji, kijana anaporejea Singida kutoka masomoni nje ya nchi, maswali anayoulizwa huwa ni yale yale. Ataulizwa amehitimu fani gani, amekuja na vitabu vingapi na ataoa lini. Wazee wa msikiti watataka kujua kama ataweza kutoa darsa baada ya Magharibi. Katika miaka yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti nimewapokea vijana kadhaa wa namna hiyo, na mimi mwenyewe nilipokewa hivyo mwaka 2015 nilipotoka Khartoum, mji mkuu wa Sudan. Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni hili: uliagana vipi na watu wa kule? Mtu akishindwa kuyajibu maswali yale mengine, aibu yake huishia hapa hapa duniani. Hili la mwisho anaweza kuja kulijibu mbele ya Mola wake.

Khartoum nilikaa miaka mitano, mmoja wa kujifunza lugha ya Kiarabu na minne ya sharia, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Chuo hicho kiliwakusanya vijana wa Kiislamu kutoka nchi nyingi za bara hili na nje yake. Chumbani kwetu tulikuwa wanne: Mkomoro, Mniger, Msudani mmoja wa Kordofan na mimi mtu wa Singida.

Mji wenyewe ni miji mitatu iliyotenganishwa na maji na kuunganishwa na madaraja, yaani Khartoum, Khartoum Bahri na Omdurman. Hapo Nile ya Buluu, inayoshuka kutoka milima ya Ethiopia, hukutana na Nile Nyeupe inayotokea huku kwetu kwenye Ziwa Victoria. Sisi Watanzania tulikuwa tukiwatania wenyeji kwamba maji yao mengine tumewaletea sisi. Nao hawakukosa jibu: kama ni hivyo, basi nyinyi si wageni, mnasubiri nini kukaa? Mtu aliyekulia Singida hasumbuliwi sana na upepo wala ukame, lakini joto la mwezi wa Mei kule, na ule ukuta wa vumbi waouita habub unaofunika mji mchana ukawa kama jioni, vilitufunza subira ambayo haimo katika vitabu.

Lakini mji ni watu. Nje ya lango la chuo alikuwapo mama mmoja mtu mzima aliyeuza chai, kama wanavyofanya akina mama wengi wa Sudan, na jiko lake la mkaa, birika mbili na vigoda vilivyosukwa kwa kamba. Kulikuwa na mwenye duka aliyetukopesha mkate, sukari na fuul hadi fedha za kutoka nyumbani zitakapofika, akiandika kila kitu katika daftari lenye jalada lililochanika. Ulipoingia Ramadhani, wanaume wa mtaa walitandika mikeka barabarani kabla ya Magharibi na kuwazuia wapita njia ili wafuturu nao. Ukikataa walikushika mkono. Katika Ramadhani zote tano nilizofunga kule, sikufuturu peke yangu hata siku moja.

Na Wasudani wana ada moja niliyoipenda kuliko zote. Siku ya Idi, au mtu anapotaka kusafiri safari ndefu, humwendea jirani yake na kumtamkia maneno mawili: al-afu wal-afia. Maana yake anaomba msamaha kwa lililopita na kumtakia mwenzake afya na salama. Ni kule kutakana radhi ambako wazee wetu nasi walikuwa nako, na ambako sasa tunakuacha mpaka mtu alale kitandani hajiwezi.

Zilipobaki wiki mbili nirejee nyumbani, nilikwenda kumuaga sheikh aliyekuwa akitusomesha fiqhi msikitini baada ya Alfajiri. Nilitaraji aniombee dua na kunipa nasaha kuhusu daawa. Yeye akaniuliza, "Nani anakudai katika mji huu?" Nikamtajia vitabu vitatu vya maktaba, hesabu ya dukani, na jirani mmoja ambaye tuliwahi kupishana maneno kwa ajili ya maji. Akasema, "Hao ndio wa kwanza kuagwa. Ukimaliza kwao, njoo tuagane."

Basi wiki zile mbili zikawa za kuzunguka. Vitabu vilirudi maktaba. Mwenye duka alijumlisha, nikalipa, naye akapiga mstari mrefu juu ya jina langu, kisha akanizawadia pakiti ya karkade niwapelekee wa nyumbani. Yule jirani tulikumbatiana, na ikadhihiri kwamba maji yale alikwisha kuyasahau zamani. Mama wa chai alikataa fedha ya kikombe cha mwisho. Nilimwambia al-afu wal-afia, naye akanijibu kwa kuniombea mama yangu mzazi ambaye hajapata kumuona. Nilipanda ndege nikiwa na mzigo wa kilo ishirini na tatu za vitabu, na moyoni sina mzigo wowote.

Alichonifunza sheikh yule kina msingi katika sira. Mtume wetu (S.A.W.) alipotoka Makka kwa hijra aliugeukia mji ule na kueleza jinsi alivyoupenda, na kwamba lau watu wake wasingemtoa, asingetoka. Wengi tunalikumbuka pendo lile, ila tunalipita haraka jambo lililofanyika usiku huo huo. Watu wa Makka, pamoja na uadui wao, walikuwa wakiweka amana zao kwake kwa sababu walimjua kuwa ni mwaminifu. Wakati wanapanga kumuua, mali zao zilikuwa nyumbani kwake. Angeweza kuondoka nazo, na nani angemlaumu? Lakini alimuacha nyuma Sayyidna Ali (R.A.) azirejeshe kwa wenyewe, na Sayyidna Ali akabaki Makka siku tatu akifanya kazi hiyo kabla ya kumfuata. Huko ndiko kuaga mji kwa mafunzo ya Uislamu: hata kwa anayekimbia kuokoa roho yake, amana ina mtu wa kuirudisha.

Sikudhani kwamba ningeuhitaji mfano huu kwa ajili ya mtu mwingine. Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vilizuka Khartoum baina ya jeshi la nchi na kikosi cha wanamgambo wa RSF. Miongoni mwa sehemu za mwanzo kusikia mizinga ni kusini ya mji, upande ule ule chuo chetu kilipo. Baada ya siku kadhaa za kujificha, Serikali yetu iliwatoa Watanzania kupitia Ethiopia. Wengi wao walikuwa wanafunzi, na kabla mwezi ule haujaisha walikuwa wamefika Dar es Salaam. Mmoja wao ni kijana wa Ikungi, ambaye kamati yetu ndiyo iliyomwandikia barua ya utambulisho alipokwenda kusoma. Alikuwa mwaka wa tatu. Alirudi na begi moja la mgongoni.

Tulimpokea kwa takbira na tukamchinjia mbuzi. Mama yake alishukuru mpaka akakosa sauti. Lakini wiki kadhaa baadaye, baada ya Isha, kijana alinifuata katika chumba cha ofisi ya msikiti na kukaa kimya kwa muda. Halafu akatoa begini kitabu cha fiqhi chenye jina la mtu mwingine kwenye ukurasa wa kwanza. Alikuwa ameazima kwa mwanafunzi mwenzake Msudani juma moja kabla ya vita. Na dukani alikuwa na deni la miezi miwili. "Katibu," akasema, "watu wote wananipongeza kwa kuwa hai. Mimi kila nikisimama kuswali namuona yule mzee wa duka na daftari lake. Sikumuaga."

Tukaanza kazi ya kutafuta. Kwa kitabu, Allah alisahilisha. Kupitia makundi ya simu ya wanafunzi wa zamani tulimpata mwenyewe, amekimbilia Cairo pamoja na wazazi wake. Mtanzania mmoja anayesoma Al-Azhar alikuwa amekuja likizo, na akarudi nacho. Ujumbe aliotuma mwenye kitabu ulikuwa mfupi: katika maktaba yake yote, hicho ndicho kitabu pekee kilichosalimika, na kilisalimika kwa sababu kiliazimwa.

Mwenye duka alikuwa mtihani. Tuliambiwa amehamia Wad Madani, katika Jimbo la Gezira, ambako maelfu ya watu wa Khartoum walipata hifadhi. Kijana akaanza kukusanya fedha. Pauni ya Sudan ilikuwa inaporomoka, na deni lile lingehesabiwa kwa thamani ya siku hiyo lingekuwa kitu kidogo sana. Wanazuoni wana khitilafu kuhusu deni la sarafu iliyoanguka, lakini kijana alichagua kuhesabu kwa thamani ya siku alizochukua bidhaa, ili atoke katika shaka. Kabla hatujapata njia ya kumfikishia, mwezi Desemba 2023 vita vikaingia Wad Madani. Watu wakakimbia tena, na habari za mzee yule zikakatika kabisa.

Imamu wetu alimuelekeza kwenye jambo lililopokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Aliwahi kununua kwa mtu, muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa. Akamtafuta mwaka mzima. Alipokata tamaa ya kumpata aliitoa sadaka thamani ile kwa niaba ya mwenyewe, kwa sharti kwamba akijitokeza na kutaka haki yake, atalipwa, na thawabu za sadaka zitamrudia mtoaji. Ndivyo alivyofanya kijana wetu, naye hakuharakisha. Alisubiri na kuulizia mwaka mzima. Kisha akanunua unga na mafuta ya alizeti, vikapelekwa kwa wajane watatu wa mtaa wetu. Mimi nikaandika katika daftari la kamati: sadaka kwa niaba ya mwenye duka, Khartoum, akijitokeza, deni liko pale pale. Kijana akaweka saini, na imamu akashuhudia. Wale wajane walimuombea dua mzee wa Kisudani wasiyemjua, naye popote alipo, hai au maiti, hajui kwamba anaombewa Singida.

Ndugu msomaji, vita vile vimewatoa majumbani mwao zaidi ya watu milioni kumi. Mwezi Machi 2025 jeshi liliurudisha mji wa Khartoum mikononi mwake, ila mapigano yakaendelea Darfur na Kordofan, na waliorudi wamekuta nyumba bila milango na maktaba bila vitabu. Mama wa chai sina habari zake. Nikimkumbuka huumia, lakini huumia kama mtu aliyempoteza mpenzi wake, si kama mdaiwa. Nikinyanyua mikono kumuombea, hakuna kitu kati yangu naye. Sasa naelewa kwamba yule sheikh, kwa kunizungusha wiki zile mbili, alikuwa ananipa ruhusa ya kuwaombea watu wake kwa moyo mweupe hata siku ambayo mji wao haupo tena kama nilivyouacha.

Kwa hiyo nawausia vijana wetu walioko Madina, Cairo, Uturuki na kwingineko, na dada na kaka zetu walioko Oman na nchi za Ghuba kwa kazi, pamoja na wazazi wanaowasubiri. Mwenye kuishi ugenini awe na daftari. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul-Baqara kuandika madeni, na Mtume (S.A.W.) amemhimiza mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Aandike anachodai na anachodaiwa, amana alizonazo, na namba za watu wawili wa kule wanaoweza kumfikia mwenye haki. Nakala aipeleke nyumbani. Na kutakana radhi kusingoje siku ya tiketi, kwani kijana wa Ikungi tiketi hakuiona. Aliona basi linawaka injini na watu wanaitwa kwa majina. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya ghafla ni kuwa tayari. Mahujaji wetu hawaondoki Makka bila tawafu ya kuaga. Basi na waja wa Allah tulioishi nao, tukala mkate wao, wana haki ya kuagwa.

Wazazi nao, mtoto akifika, mkisha kumlaki na kumlisha, muulizeni swali lile. Huenda ndilo analosubiri aulizwe.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarejeshee ndugu zetu wa Sudan amani na majumba yao, awarehemu waliotangulia, awakutanishe waliotenganishwa, na atukutanishe sote siku ambayo hakuna kuagana tena. Amin.

Wabillahi tawfiq.