Kutulo: Njia ya Mchanga na Kumbukumbu za Vita

Ukitoka mjini Wajir ukashika njia ya kaskazini kuelekea Mandera, utapita Tarbaj, kisha Kutulo, kabla hujafika El Wak. Nchi ni tambarare, migunga imesimama mmoja mmoja, na vumbi humwingia msafiri hadi masikioni. Ngamia wakikatiza njia, dereva hana budi kungoja. Kwenye kibanda utapewa chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu kidogo ya moshi.

Kunywa polepole, huku ukiitazama njia. Katika nchi kama hii ndiko vijana wa Kenya Rifles walikopigana Vita vya Shifta. Wasomali wengi wa huku walitaka kuungana na Somalia, na mnamo Desemba 1963, kabla mwezi wa uhuru haujaisha, serikali ilitangaza hali ya hatari.

Hebu mfikirie askari wa kawaida, labda kijana kutoka Ukambani au Bonde la Ufa, ambaye hajapata kuona jangwa. Maji yake ni yale ya chupa iliyoning'inia kiunoni. Lugha ya wenyeji haijui. Anaviziwa vichakani, risasi zinalia kwa dakika chache, kisha kimya. Adui ametoweka, zimebaki nyayo tu mchangani. Kufikia 1966 kulikuwa na jambo la kutisha zaidi, nalo ni mabomu yaliyotegwa ardhini. Askari aliyepanda lori hakujua kama gurudumu lingefika mbele salama.

Mbele yake anatokea mchungaji aliyejifunga msuli, fimbo mabegani. Ni mfugaji au ni shifta? Askari hana la kumtambulisha. Hofu hiyo iliwaangukia raia. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na jeshi, na mifugo mingi ikafa au ikachukuliwa. Mfugaji asiye na mifugo atakula nini?

Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kaunda wa Zambia aliwapatanisha Kenya na Somalia, na bunduki zikaanza kunyamaza. Lakini lile swali la askari halikunyamaza. Sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangishwa foleni kuhakikiwa uraia wao, wakapewa kadi za pekee. Vijana wa mpakani waliendelea kuhojiwa kuliko wenzao kila walipoomba kitambulisho, hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza mjini Wajir kuondoa ukaguzi huo.

Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Ukipita Kutulo, msalimie mchungaji utakayemkuta njiani. Huenda babu yake na yule askari waliogopana mahali hapo hapo, nao wote wawili walikuwa Wakenya.