Mgomba Mpya Katika Kibanja cha Bibi Harusi



Huko visiwani ukitaja ndizi, mtu anafikiria mkono wa tembo, mzuzu au kisukari. Kwetu Bukoba na Muleba ndizi ndiyo chakula chenyewe. Nyumba imezungukwa na kibanja cha migomba, na bibi harusi akifika kwa mumewe, kibanja hicho ndicho ghala lake. Ndiyo maana sisi tunaopika walima na kuuza miche pembeni tumekuwa tukijiuliza: tuwaletee wateja wetu ndizi chotara mpya, au tubaki na enchoncho na nshakala za bibi zetu?

Sababu ya kuuliza ipo. Migomba ya asili inaliwa na fukusi na minyoo ya ardhini, na ugonjwa wa Sigatoka nyeusi hukausha majani yake hadi mkungu unakuwa mdogo. Mwaka 2021 watafiti wetu wa TARI, ambao kituo chao kipo hapa Maruku, walitoa aina nne zinazoitwa TARIBAN. Zimezalishwa kwa kuchavusha migomba ya kwetu kwa ile yenye kinga. Ni kazi ya miaka mingi, maana ndizi zetu hazitoi mbegu kirahisi. Majani yake yanastahimili Sigatoka.

Lakini Kagera imeshapokea wageni kabla. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zililetwa ndizi za FHIA kutoka Honduras. Mikungu yake ilikuwa mikubwa, mashaallah, ila wapishi wengi waliona zikiiva zinakuwa laini mno, hazina ladha waliyoizoea. Baadhi zikaishia kuliwa mbivu, nyingine kukamuliwa pombe. Kwa nyumba ya Muislamu, hilo la mwisho si soko.

Sasa mfikirie bibi harusi. Mgomba hukaa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kumpa mkungu wa kwanza. Akipanda kitu ambacho mama mkwe hataki sahanini, lawama ni zake, wala si za muuza miche.

Tukarudi kwenye dini yetu. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakichavusha mitende kwa mikono. Alidhani huenda wakiacha ingekuwa heri. Wakaacha, mavuno yakapungua, naye akawaeleza kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Imepokewa na Muslim. Kwa hiyo kuzalisha mmea ulio bora si jambo la kuliogopa, na mwenye ujuzi aulizwe. Tunakumbuka pia yule muuza nafaka aliyeficha zilizolowa chini ya zilizo kavu, na Mtume (SAW) akamkemea kwa udanganyifu ule. Mche nao una upande wake uliolowa.

Baada ya kushauriana na kuswali istikhara, tumeamua kuileta, kwa masharti haya:

Kwanza, ipikwe kabla ya kupandwa. Mteja aonje ndizi hiyo na maharage au sangara, na ikiwezekana mama mkwe awepo.

Pili, miche mitatu au minne tu kwa kuanzia, pembeni ya migomba ya zamani. Asing'olewe mwenyeji kwa ajili ya mgeni.

Tatu, tuseme ukweli kuhusu mnyauko, ugonjwa ulioingia Kagera miaka ya 2005 na 2006 na kumaliza vibanja vya watu. Kustahimili Sigatoka si kinga ya mnyauko. Hata mgomba mpya lazima ukatwe ua dume kwa kijiti chenye panda, panga lisafishwe kwa moto au jiki, na miche itoke mahali panapojulikana.

Dada, ukiwa umeolewa karibuni, usione aibu kuuliza maswali haya kwa yeyote anayekuuzia mche. Nguo ya harusi hupimwa kabla ya kukatwa, sembuse chakula cha watoto wako. Na ukipanda kwa nia njema, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama unaandikiwa sadaka.

Allah azitie baraka nyumba zenu na vibanja vyenu. Aamin.