Mgonjwa akipewa rufaa Mwanza, mtafikia wapi?

Familia nyingi za Ngara na Biharamulo zikipokea barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, huanza na hesabu ya nauli. Inafuata hesabu ya vipimo na dawa. Suala la mahali pa kufikia huachwa hadi watu wawe ndani ya basi, au humalizwa kwa swali moja tu: "Si mjomba yupo?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi Rulenge, wilayani Ngara. Mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 61, aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na baada ya vipimo akapangiwa tiba ya mionzi. Walielezwa kwamba tiba hiyo hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa ambaye hali yake haihitaji kulazwa huja, hupata mionzi, kisha huondoka. Kwa maneno mengine, mama alihitaji kitanda mjini kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Kadi ya bima iligharamia matibabu. Nauli, chakula na malazi ya watu wawili vilibaki mikononi mwa familia, na mtoaji mkuu alikuwa kaka mkubwa wa mwalimu huyo, mfanyabiashara wa Benaco. Kwake hesabu ilikuwa rahisi. Mjomba yupo Mabatini, ana nyumba yake, na mgonjwa ni dada yake wa damu. Kwa nini walipie chumba?

Safari yenyewe siku hizi imepungua makali. Basi la kutoka Ngara hupita Nyakanazi, Runzewe, Geita na Sengerema, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 19, 2025, abiria hawasubiri tena kivuko. Urefu wa daraja hilo ni takriban kilomita 3, na gari hulivuka kwa dakika chache. Hata hivyo, mgonjwa aliyetoka Rulenge alfajiri akishuka stendi ya Nyegezi huwa amechoka kabisa. Anachohitaji ni kuoga, kula na kulala.

Mjomba alikuja kuwapokea stendi mwenyewe, akabeba begi kubwa. Ni mtu mkarimu, na mke wake alikuwa ameshatandika kitanda. Tatizo lilikuwa njia ya kufika huko. Nyumba yake ni mojawapo ya zile zilizojengwa juu ya miamba, ambazo mgeni wa Mwanza huzitazama kwa mbali akazishangaa. Bodaboda huishia chini. Kuanzia hapo ni ngazi za mawe, nyingine pana, nyingine za kupitisha mguu mmoja. Mwalimu, kwa mazoea ya kazi yake, alizihesabu: 84.

Wiki ya kwanza mama alizipanda taratibu, akipumzika mara tatu. Wiki ya pili mambo yalibadilika. Mionzi ya sehemu ya nyonga huweza kuleta uchovu, kuharisha na haja ndogo ya mara kwa mara, na yote matatu yalimpata. Choo kilikuwa nje, kikitumiwa na familia tatu. Wataalamu wa mionzi walikuwa wamemwagiza anywe maji ya kutosha, lakini binti yake aligundua kuwa kila asubuhi mama aliacha kikombe kikiwa kimejaa. Alikuwa hanywi ili asishikwe na haja njiani.

Siku ya Alhamisi mama alisema hataenda. "Leo najisikia nimepona," alisema, akageukia ukutani.

Kesho yake muuguzi aliwaeleza bila kuficha. Katika saratani hii, siku za mionzi zikirukwa na tiba ikarefuka kupita muda uliopangwa, nafasi ya kuudhibiti ugonjwa hupungua. Mwalimu alitoka pale akiwa ameelewa kwamba ngazi zile 84 zilikuwa zimeanza kula dawa ya mama yake.

Alitumia mchana mmoja kutafuta. Gesti karibu na stendi ya Nyegezi ilikuwa na bei ya chini, lakini honi zilikuwa hazikomi na hospitali ilikuwa mbali. Loji moja katikati ya mji ilikuwa safi kabisa, maji ya moto yapo, chumba kilichobaki kiko ghorofa ya tatu, na hakuna ruhusa ya kupika. Kwa Sh20,000 kwa usiku, mwezi mmoja ungefika Sh600,000. Mwisho, kwa kuelekezwa na mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe, alifika Pamba, chini ya mlima wa Bugando, kwa mama mwenye nyumba aliyezoea kupangisha watu wanaouguza. Chumba kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji, choo hatua kumi kutoka mlangoni, jiko la mkaa linaruhusiwa barazani. Kodi ilikuwa Sh100,000 kwa mwezi, na umeme wa LUKU wanachangia. Bajaji inafika hadi mlangoni.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mjomba. Ndugu wa mjini akisikia umekuja ukalala pa kulipia, anajiona amevuliwa heshima, na majirani zake watauliza kulikoni. Mwalimu alipanga maneno usiku kucha. Asubuhi hakuyahitaji, kwa sababu mama alizungumza mwenyewe na mdogo wake.

"Mdogo wangu, nyumba yako naipenda na mkeo namshukuru. Miguu ndiyo imekataa."

Mjomba alinyamaza kwa muda. Kisha akasema chumba hicho atakwenda kukiona yeye kwanza. Alikwenda, akatikisa kitasa cha mlango, akafungua bomba kuona kama maji yanatoka, akasimama chooni kukagua sakafu kama inateleza. Jioni alileta godoro lake jingine. Tangu siku hiyo mkewe alishuka na chakula kila Jumapili, na hakuna aliyesema udugu umevunjika.

Jumamosi na Jumapili hakuna mionzi, na hapo ndipo lilipozuka jambo la pili.

"Mwanangu," mama alisema wiki ya nne, "nikirudi Rulenge wakiniuliza habari za Mwanza, nitawasimulia nini? Dari?"

Alitaka kuliona lile jiwe la kwenye kalenda. Mwalimu alisita. Kijijini watu wakisikia mgonjwa anatembezwa mjini, watasema haumwi. Alipomdokeza kaka yake kwenye simu, jibu lilikuja kali: "Hela ninayotuma ni ya kuuguza au ya utalii?"

Alimuuliza muuguzi. Aliambiwa kuwa matembezi mepesi, kadiri mwili unavyoruhusu, husaidia kupunguza uchovu wa mionzi, na humsaidia pia mgonjwa kupata hamu ya kula na kulala vizuri. Masharti ni kukwepa jua kali, kubeba maji ya kunywa, kutokwenda mbali na choo, na kurudi mara mgonjwa anaposema basi.

Wakazipima sehemu za kutembelea kama walivyovipima vyumba. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, kipo ndani ya ziwa, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Kina swala, pimbi na mijusi inayoota jua mawe­ni, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Lakini kuna kupanda boti na kutembea juu ya miamba, na wiki hiyo tumbo la mama lilikuwa halijatulia. Makumbusho ya Bujora, yenye ngoma na historia ya watemi wa Kisukuma, yapo Kisesa, barabara ya Musoma. Ni safari ya nusu siku. Jiwe la Bismarck liko mjini kabisa, jirani na kivuko cha Kamanga, na kulitazama kutoka ufukweni ni suala la nauli ya bajaji tu.

Walikwenda saa kumi jioni, jua likiwa limepoa. Mama alikaa kimya akiutazama mwamba ule uliosimama juu ya miamba mingine katikati ya maji. Aliuliza nani aliuweka. Aliambiwa hakuna aliyeuweka, ila Wajerumani walipotawala waliupa jina la Kansela wao.

"Basi lilikuwa na jina lake kabla hawajaja," alisema.

Alitaka kuteremka aoshe miguu ziwani, na hapo binti yake alimzuia. Mwambao wa Ziwa Viktoria una kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kama hakunywa. Mgonjwa anayepata matibabu mazito hana sababu ya kuongezewa ugonjwa mwingine. Walitazama maji kutoka pakavu.

Wakirudi walinunua sato. Mwalimu alimchemsha kwa nyanya na limau, na mama akala na ugali hadi sahani ikabaki miiba. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Alichukua simu mwenyewe, akampigia mwanawe wa Benaco. "Nimemaliza sahani," alimwambia. Upande wa pili ulikaa kimya kidogo, kisha ukauliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Wiki iliyofuata pesa ziliingia siku mbili kabla, pamoja na ujumbe mfupi: "Humo imo na ya samaki."

Mama alimaliza mionzi yake bila kuruka siku nyingine. Ndani ya basi la kurudi alisema kitu ambacho mwalimu hukirudia kwa kucheka: maporomoko ya Rusumo ameyasikia tangu akiwa msichana, yako wilayani kwao, na hajawahi kuyaona. Safari hiyo sasa imepangwa, na mlipaji ni kaka yake.

Kwenye kurasa za mwisho za daftari la maandalio ya masomo, mwalimu aliandika aliyojifunza. Kabla ya kuondoka nyumbani, uliza hospitali tiba itachukua siku ngapi na mgonjwa atatakiwa kufika saa ngapi. Fika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwani wao wanajua shida za wanaotoka mbali. Usimfuate mpiga debe wa stendi anayekupeleka kwenye gesti. Usilipe chumba kabla hujaona choo, maji na mahali pa kupikia. Lipa kwa wiki au kwa mwezi, udai risiti, na usilipe yote mwanzoni, maana mgonjwa anaweza kulazwa wakati wowote. Ukiwa na ndugu mjini, mwache mgonjwa mwenyewe azungumze naye.

Daftari hilo limeanza kutafutwa. Hivi karibuni alipigiwa simu na mwalimu mwenzake wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, ambaye baba yake amepewa rufaa. Swali lake la kwanza kwa mwenzake lilikuwa kama amemuuliza daktari iwapo huduma hiyo inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo Chato, ambako ni karibu zaidi kwa mtu wa Biharamulo. Mwenzake alijibu kwamba ameuliza, na daktari amesema ni Bugando.

"Sasa niambie," mwenzake akaendelea, "wapi kuna gesti ya bei nafuu?"

"Subiri kwanza," mwalimu alimjibu, akifungua daftari. "Mzee anaweza kupanda ngazi ngapi?"