Moto wa Juu na Moto wa Chini: Safari ya Bagamoyo

Watu wa kwetu Unyamwezi tangu zamani wamekwenda Bagamoyo kwa mizigo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani, wakatembea miezi kutoka Tabora hata pwani, kisha wakarudi na nguo na ushanga. Mimi nilikwenda mwaka jana mwezi wa Septemba bila mzigo begani. Lakini moyoni nilikuwa nao mmoja, nao ndio nitakaowaeleza, maana nadhani nyumba nyingi zinao.

Miaka miwili kabla ya safari hiyo, mtoto wetu wa kwanza alipokea Komunyo ya Kwanza. Mke wangu aliniambia, “Baba, tuoke keki wenyewe. Mayai tunayo.” Nikakataa. Karani wa parokia, mtu aliyepita chuo cha ualimu, aweke keki ya sufuria mbele ya Padre na wageni? Nikaagiza keki mjini kwa shilingi 60,000, na fedha hizo zilikuwa za mbolea ya mahindi. Keki niliipakata magotini ndani ya basi, barabara ikaitikisa, jua likaiyeyusha. Ilipofika nyumbani ilikuwa kama tope lililokanyagwa na kuku. Aliyeipika hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Wageni hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Msimu ule mahindi yetu yalitoka ya njano. Mke wangu hakusema neno. Alikwenda tu kukopa unga kwa jirani, mara ya kwanza, na mara ya pili.

Sasa mtoto wa pili alikuwa apokee Komunyo siku ya Kristu Mfalme, mwezi wa Novemba. Wakati huo huo dada yangu, aliyeolewa Bagamoyo, alijifungua, nami nikatumwa na wazee kwenda kumwona. Nilipanda basi hadi Dodoma. Kutoka hapo nikapanda treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nayo ikanifikisha Dar es Salaam kwa muda wa karibu saa nne. Bagamoyo iko mbele kilometa 70 hivi kuelekea kaskazini. Nikafika jioni, upepo wa bahari ukivuma na harufu ya samaki wa kukaanga ikitoka sokoni pwani.

Mji huu ni mkongwe. Zamani Wadachi waliufanya makao makuu yao, hata walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Jumapili tulisali kwenye kanisa la misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakawajengea kijiji watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa la kale ungali umesimama. Ndipo mwili wa Livingstone ulipoletwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Uingereza. Uko pia mbuyu mkubwa ajabu wenye mnyororo uliomezwa na gome lake. Husemwa kwamba mama mmoja aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa alimfungia hapo punda wake.

Lakini safari yangu hasa ilikuwa uani kwa dada. Kila siku jirani waliingia kumpongeza, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu alileta vileja, yaani biskuti za unga wa mchele, samli na sukari, zinazonukia iliki. Ukitia mdomoni huvunjika zenyewe. Yule alileta mkate wa kumimina. Nikamwuliza dada, “Vitu hivi wananunua duka gani?” Akacheka hata mtoto akaamka. “Kaka, duka lipi? Wanaoka nyumbani.”

Siku ya tatu akaniambia, “Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sina. Shika koleo hili la makaa, nenda kamsaidie Bibi.” Bibi ni jirani yake, mwislamu mzee, mjane aliyelea watoto wake kwa kuoka. Nilimwamkia, “Shikamoo Bibi.” Akajibu, “Marahaba mwanangu. Karani nasikia? Haya, leo utaandika kwa makaa.”

Kwanza alinionyesha mkate wa kumimina. Mchele vikombe 2 alikuwa ameuloweka tangu usiku. Akausaga pamoja na tui zito kikombe 1 na nusu, hamira kijiko kidogo 1 na iliki, hata ukawa laini kama uji. Akaufunika, akaenda kuswali. Aliporudi ulikuwa umeumuka na kujaa mapovu. Ndipo akatia sukari kikombe 1 kasoro kidogo na ute wa yai 1, akaumimina katika sufuria yenye moto iliyopakwa mafuta. Moto mdogo chini. Matundu yalipoanza kutokea juu, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake, mpaka uso ukawa mwekundu kama udongo wa matofali.

Kisha akasema, “Sasa wewe oka keki, nami nikae.” Akanipimia: unga wa ngano nusu kilo, siagi robo kilo, sukari robo kilo, mayai 6, beking pauda vijiko vidogo 2 na maziwa kidogo. Nikapiga siagi na sukari mpaka vikawa vyeupe, nikatia mayai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, na maziwa mwishoni. Hapo nilikwenda vizuri. Nikamimina katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyizwa unga, nikaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, nikafunika. Jiko nikalijaza makaa mpaka likanguruma, na juu ya mfuniko nikatupa vipande vichache. Nikachungulia. Baada ya dakika chache nikachungulia tena, na tena.

Nusu saa haijaisha, harufu ikatangaza habari. Chini ilikuwa nyeusi kama tairi, katikati uji, na juu ilibonyea kama kofia iliyokaliwa. Nikaona tena ile keki ya mjini magotini mwangu, uso ukanishuka.

Bibi hakunicheka. Akasema, “Mwanangu, hivyo ndivyo upikavyo ugali. Moto wako wote uko chini. Na keki ni kama mgeni mwenye haya, usimchungulie kila mara.” Akanieleza sababu. Chuma cha sufuria kinagusa unga, kwa hiyo moto mkali wa chini huunguza kabla joto halijafika katikati. Makaa ya juu hayagusi kitu. Joto lake hushuka polepole na kuivisha wote. Ukiwa na makaa 10, weka 7 juu na 3 chini. Tena keki huinuka kwa hewa iliyomo ndani yake, ile uliyoipiga pamoja na siagi na mayai, na ile inayotolewa na beking pauda. Ukifunua mapema, ubaridi huingia kabla unga haujashikamana, nayo huanguka. Subiri dakika 40 ndipo ufunue, uchome katikati kwa njiti safi. Ikitoka kavu, keki imeiva. Ikitoka na uji, rudisha. Na jiko la mkaa liweke uani au penye hewa, kamwe si chumbani mlango ukiwa umefungwa, kwa maana moshi wake usioonekana huua.

Tukaoka ya pili. Ikainuka, ikapasuka kidogo juu, ikatoka ya rangi ya asali. Bibi akaikata, kipande cha kwanza akampelekea dada yangu. Kisha akaniuliza, “Na mama watoto wako, yeye huoka nini?” Nikanyamaza. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, nami sikuwa na jibu.

Nilirudi na nazi mbili, iliki katika kikaratasi na koleo alilonipa dada. Usiku ule nikamweleza mke wangu yote, ya makaa 7 na makaa 3. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Ndivyo nilivyotaka kufanya mwaka ule.” Kumbe nilikuwa nimesafiri mpaka bahari kutafuta kitu kilichokuwa jikoni kwangu, kwa kuwa sikupata kuuliza. Nikamwomba radhi kwa ile keki na kwa ile mbolea. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Lete mayai tujaribu.”

Siku ya Kristu Mfalme tulioka keki 2. Yeye alikoroga, mimi nikalinda moto. Keki moja tulipunguza sukari, tukatia asali ya misitu yetu, naye akanionya nipunguze makaa ya juu, maana asali huwahi kugeuka rangi na kuungua. Kwa mchele wetu wenyewe na zile nazi za dada tukapika na mkate wa kumimina. Gharama yote haikufika shilingi 15,000, maana mayai yalitoka bandani kwetu. Hazikuwa na krimu wala maua. Zilikatwa vipande vidogo vidogo, kila mgeni akapata. Mama yangu mzazi, asiye na meno, alikula vipande viwili akauliza kama kuna cha kesho. Padre akataka kujua nani amepika. Nikasema, “Mke wangu. Mimi nilikuwa mchochea moto.”

Tangu siku ile majirani watatu wamekuja kuazima koleo. Mmoja alitaka kuoka kwa ajili ya mkwe wake, mwingine kwa mtoto anayekwenda shule ya bweni. Huwa nawaambia lile la Bibi kwanza, kabla ya vipimo: moto mwingi juu, mdogo chini, na usichungulie.

Fedha ya mbolea mwaka huu ilikwenda kwa mbolea. Ninapoandika haya mvua inanyesha, na mahindi yetu yamefika kiunoni, nayo ni ya kijani.