Watoto wa Marehemu Dada Yangu



Mimi ni bwana shamba katika wilaya ya Maswa. Nina umri wa miaka 46. Nilisoma cheti cha kilimo Ukiriguru. Wengi mnanijua kwa pikipiki yangu na kwa maneno yangu ya pamba. Leo siandiki habari za pamba. Naandika habari za watoto wawili wa marehemu dada yangu. Nusura tuwakose, na kosa lilikuwa letu sisi ndugu.

Dada yangu alifariki mwaka 2017. Aliacha msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 2. Mama yangu, yaani bibi yao, aliomba kuwachukua. Upande wa baba walikataa. Walisema, "Mahari ililipwa. Watoto ni wetu." Tukanyamaza, kwa sababu ndiyo mila.

Shemeji yangu alikuwa mtu mpole. Baada ya msiba alianza kunywa. Kisha akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Alirudi kwa siku mbili tatu, akaacha fedha kidogo, akaondoka tena. Watoto walilala peke yao.

Je, sisi ndugu tulikuwa wapi? Baba yao mkubwa alikaa kijiji hicho hicho, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mimi nilikaa mbali kidogo, lakini nilipita pale mara nyingi kwa kazi. Nilisimamisha pikipiki, nikawapa sukari na sabuni. Msichana aliniambia, "Shikamoo mjomba. Hatujambo." Nikaondoka. Niliamini neno lile kwa sababu nilikuwa na haraka. Ni mama yangu tu aliyekwenda kwa miguu kila wiki mbili. Aliwafulia nguo, akawasukia nywele, akawaachia unga na michembe.

Usiku mmoja wa mwezi Machi 2019, mvulana alishikwa na homa kali. Dada yake, mtoto wa miaka 9, alimbeba mgongoni mpaka kwa jirani. Jirani aliwapeleka zahanati. Ilikuwa malaria, na mtoto alipona. Asubuhi jirani yule alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaeleza yote aliyoyaona kwa miezi mingi.

Watu wengine walimlaumu. Walisema ametangaza siri ya watu. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila mtu katika jamii anayeona mtoto anateswa au ametupwa bila matunzo ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Jirani alitimiza wajibu wake. Sisi hatukutimiza wetu.

Ofisa Ustawi wa Jamii alikuja kutoka wilayani. Baba hakupatikana. Watoto wakachukuliwa, wakapelekwa mjini kukaa kwa muda na mama mmoja aliyechaguliwa kwa kazi hiyo. Tukaambiwa kwamba kama hakuna ndugu wa kufaa, watoto watawekwa katika malezi ya kambo.

Neno hilo lilituchoma. Kijijini ukisema "kambo", watu wanafikiri mama wa kambo na mateso yake. Maana yake hapa si hiyo. Malezi ya kambo ni familia nyingine kupewa kibali cha serikali kumlea mtoto ambaye si wao. Hawamfanyi kuwa mtoto wao moja kwa moja. Hiyo ni kuasili, na ina utaratibu wake mwingine mahakamani.

Sasa ndipo ndugu tuliamka. Ukoo ulikaa kikao siku mbili. Maneno yalikuwa makali. "Watoto wetu wapewe watu baki?" "Huyo mwanamke wa mjini ni mwizi wa watoto!" Nakiri kwamba neno hilo la mwizi nililisema mimi.

Kisha baba mkubwa alisema atamchukua mvulana. "Huyu atachunga ng'ombe. Msichana aende kwa wajomba zake." Kulikuwa na ng'ombe 6 wa shemeji katika zizi lake. Sikusema neno juu ya ng'ombe. Lakini nilielewa kwamba anayemchukua mvulana hataulizwa habari za ng'ombe.

Tulikwenda wilayani watu 7. Tulidhani tukiwa wengi tutapewa watoto siku ile ile. Ofisa alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Kisha alifungua daftari, akauliza mmoja mmoja.

"Bwana shamba, mtoto yuko darasa la ngapi?"

Nilisema la pili. Alikuwa la tatu.

"Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani?"

Sikujua.

"Mdogo wake akiugua, kitu gani humpa nafuu? Anaogopa nini usiku?"

Nilitazama chini. Naweza kukuambia bila kufikiri nafasi ya kupanda mahindi: sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, sentimeta 30 kati ya shina na shina. Habari za watoto wa dada yangu sikuzijua. Baba mkubwa naye hakujua, akakasirika, akasema ukoo hauulizwi maswali kama mwizi.

Mama yangu alikuwa amekaa pembeni. Hajui kusoma. Alijibu yote. Alimtaja mwalimu. Alisema mvulana halali bila kushika sikio la dada yake. Ofisa aliweka kalamu chini, akamwangalia kwa muda.

Alitueleza sheria kwa maneno mepesi. Mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuomba mahakamani apewe haki ya kukaa naye. Hakimu hatazami nani ana sauti kubwa katika ukoo. Anatazama faida ya mtoto. Ni vizuri mtoto akae na mzazi wake, isipokuwa kama mzazi anavunja haki zake mara kwa mara. Ni vizuri ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Ni vizuri mtoto asihamishwe hamishwe. Na mtoto mwenyewe asikilizwe, kama maneno ni yake na hakufundishwa na mtu.

Mama aliomba. Mimi nilimwandikia, naye akaweka dole gumba. Kwa kuwa ana umri mkubwa, tuliulizwa atasaidiwa na nani. Niliandika kwa mkono wangu: magunia 4 ya mahindi kila mwaka, sare, madaftari, na kufika kila Jumamosi. Ada ya shule ya msingi serikali iliiondoa, lakini mtoto haendi shule uchi. Ofisa alikuja nyumbani kwa mama. Alitazama choo, kisima, na mahali pa kulala. Alitaka watoto wawe na kitanda na chandarua chao. Nikanunua.

Kesi za namna hii husikilizwa katika mahakama ya watoto, mbele ya hakimu mkazi. Watu wasiohusika hawaruhusiwi kuingia. Shemeji aliitwa, akaja. Alikuwa amekonda. Alisema, "Nawapenda, lakini siwezi." Sijawahi kumchukia tangu siku ile. Baba mkubwa alieleza habari za mahari. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alizungumza na msichana peke yake. Msichana alisema anataka kwa bibi, na mdogo wake.

Mama alipewa watoto wote wawili. Ofisa alipewa kazi ya kuwatembelea, na baba yao akaruhusiwa kuwaona.

Tulikwenda kuwachukua kwa yule mama wa mjini. Nilitegemea mvulana atanirukia. Alimshika yule mama sketi, akalia, "Mama, usinipe." Alikuwa amekaa pale miezi 5. Alikuwa amenenepa, na kidonda chake cha mguu kilikuwa kimepona. Yule mama hakulia mbele yetu. Alimpa mama yangu nguo zilizokunjwa na kadi ya kliniki, akaeleza anachokula na asichopenda. Nilimwomba radhi kwa neno nililolisema kikaoni. Hakulijua. Alisema, "Chukueni, baba. Ni wenu. Lakini msimchape akijikojolea."

Wiki tatu za kwanza mvulana hakumsemesha mtu ila dada yake. Mama alitaka kumkataza kumtaja mama wa mjini. Ofisa alipokuja alisema mwacheni amtaje.

Ng'ombe wale 6 bado tunavutana juu yao katika baraza. Msichana sasa yuko sekondari, na jina la mwalimu wake wa darasa ninalo. Mvulana anakwenda mjini kila likizo. Likizo ya mwezi Juni niliwasha pikipiki nimpeleke. Mama alitoka ndani na kiroba cha michembe, akakifunga nyuma ya kiti. Akasema, "Mpe yule mwenzangu. Mwambie ni mipya."